Jiwe Mkobani

Ijumaa, 12 Aprili

Amekuja. Sabatino kamleta mchumba wake kutoka Torino — Ginevra, mwembamba, upepo ukivuma itabidi tumshike! Nimempikia tangu asubuhi. Kala vijiko viwili, kashiba. Wanataka kuoana mwezi wa tisa na kuishi huko huko kwao. Mwanangu mmoja tu, nami nibaki huku nikizungumza na mlima? Thubutu.

Jumamosi, 13 Aprili

Sabatino alikuwa kazini, nikampeleka mwenyewe magofuni, kwenye mji wa kale uliofukiwa na majivu ya mlima wetu. Kavaa viatu vya harusini! Barabara zile za mawe nazijua, sikumwambia kitu. Kisigino kikamchubuka. Nikaongeza mwendo.

Mbele ya zile sanamu za plasta za wafu wawili, waliokufa wamekumbatiana, alilia. Nikamwambia walichelewa kukimbia kwa sababu mwanamke alikuwa anatafuta hereni zake. Uongo mtupu. Akavua zake, akazitia mfukoni. Nilicheka moyoni hadi mbavu zikauma.

Halafu bahati yangu ikajileta yenyewe. Kwenye nyumba ya mwoka mikate akainama, akaokota jiwe dogo jekundu, akalitia mkobani. Hapa kwetu hata mtoto anayenyonya anajua: kitu cha magofuni hakiingii nyumbani kwa mtu. Watalii huvirudisha kwa posta wakiomba radhi, baada ya kufiwa na kuachwa. Nami nilimwona. Nikamwambia mkoba wake u wazi, nikamfungia zipu kwa mkono wangu.

Jumapili, 14 Aprili

Nimemwalika dada yangu Titina chakula cha mchana. Titina akiona paka mweusi huzunguka mtaa mzima. Nikamtuma achukue leso kwenye mkoba wa Ginevra.

Yowe! Sahani chini. Titina akatema mate, akataka msichana atoke na nuksi yake, akaapa ndoa hiyo haitazaa hata kuku. Mimi nikajishika kichwa, masikini wa Mungu. Nilikuwa na furaha — niseme ukweli, hapa hasomi mtu.

Yule msichana hakulia. Akaniangalia.

"Mama, uliniona nikiokota. Ukanifungia na zipu. Nikadhani umeniruhusu."

Sabatino akaniuliza kama ni kweli. Nikamjibu mchuzi unapoa.

Akalichukua jiwe, akaliweka kando ya sahani yangu.

"Utalirudisha wewe, mama. Tunakungoja chini. Twende wote, na njiani umwombe Ginevra radhi. Usiposhuka, tunapitiliza hadi stesheni, na harusini usije."

Wakabeba mizigo yao. Titina naye kakimbia bila kula, hata kunibusu kagoma.

Naandikia hapa hapa kwenye roshani. Gari linanguruma chini. Mlango wa nyuma wameuacha wazi. Ginevra kakaa mbele — kiti changu! Sabatino anatazama juu.

Nimevaa viatu. Nimevua.

Anapiga honi.