Sarara Naoka Mimi, Sifa Anapewa Mke Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada na usinicheke, maana mimi ni fundi wa kuchomelea, moto naujua, na tangu mjomba aanze kufuga swala na kutuletea sarara, ile nyama laini ya ndani ya mgongo, naioka mwenyewe nyumbani, natoa utando, natia chumvi na pilipili manga, naigeuza kwenye kikaango cha moto mpaka ibadilike rangi, kisha oveni kali, muda mfupi tu, naitoa katikati bado ina wekundu, naifunika ipumzike, na nikiikata kisu kinateleza chenyewe, sijisifu ila ni kweli.

Sasa mama yangu, ambaye hajawahi kumsifu mke wangu hata kwa chai, alipoionja akauliza, "Mkwe, hii umejifunza wapi?" Mke wangu akanitazama, mimi nikatazama dari, naye akajibu, "Najaribu tu, mama." Mama akanigeukia: "Mwanangu, leo nimejua una mke." Nilifurahi na roho ikaniuma papo hapo, na tangu siku ile wanapigiana simu kila mara, na Jumapili hii mama anakuja kusimama jikoni afundishwe, wakati sarara ya mke wangu hutoka ngumu kama soli, yeye anachoweza ni lile rojo la vitunguu la kumwagia juu, ambalo mama hulikomba kwa mkate, na mke wangu ananisihi, "Ukisema, narudi kuwa yule asiyejua kuchemsha maji." Niseme au ninyamaze?

Cheche

*

Cheche, hongera! Umenitia njaa mchana kweupe. Fahari yako ni halali, lakini aliyetazama dari ni wewe, na njia ya mwongo ni fupi: yenu inaishia Jumapili.

Halafu hilo rojo umelipitia mbio mbio, kwa nini? Mama yako analikomba! Unalalamika kunyang'anywa sifa, kumbe nawe umemkalia mwenzako ya kwake.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Wote wawili jikoni, wewe kwenye oveni, yeye kwenye sufuria. Nyama ikipumzika, mkeo ndiye aseme: "Mama, nyama hii anaoka mwanao." Kabla mama hajafungua kinywa, wewe sema: "Na rojo ni la mke wangu, tangu siku ya kwanza."

Kisha kata nyama, unyamaze. Mama hajapungukiwa mkwe, ameongezewa mwana mpishi. Mpeni mkate.