Nafasi Yako Kwenye Wimbo wa Chemchemi

Namuwongo, Kampala
Jumatano, nikitoka shule

Mama yangu mpendwa Séraphine,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Goti lako linasemaje na hizi mvua? Na Guerschom, bado anaburuta viatu vyangu vya zamani au vimeshambana? Sisi huku tuko wazima. Mama mdogo Rosalba anauza vitenge vyake, na mimi shuleni naendelea vizuri. Kiingereza hakiniumizi tena kichwa, ingawa hesabu bado nazipiga kimoyomoyo kwa Kifaransa.

Kabla sijaenda mbali, Mama: ukisikia mtu wa Kampala anasema umekufa, usishtuke. Tulikukalia matanga siku tatu nzima. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu unanijua, nasema ndiyo Mama, ndiyo Mama, mpaka salio linakwisha na sijasema kitu.

Mambo yalianza na kinamasi. Hapa chini yetu, kuvuka reli, kuna kinamasi kilichokuwa cha mafunjo matupu, sasa kimejaa mifuko ya plastiki, wenyewe wanaiita kavera. Mvua ikinyesha maji yanakosa njia, yanakuja kulala na sisi ndani. Basi kuna kijana anaitwa Okwera, Mwacholi, mtoto wa mwanajeshi, amekulia kambini kule Mbuya na Kiswahili chake ni cha amri: simama, kaa, imba. Yeye na wenzake wanatengeneza albamu ya nyimbo kumi, kila wimbo kutoka kwa watu wa mtaa tofauti, wote bila malipo. Pesa zote itakazopata zitatumika kutoa taka na kurudisha mafunjo. Akaja kanisani kuuliza Wakongo wana wimbo gani wa maji. Mama mdogo hakumngoja amalize. Alimwambia sisi tunao wa kusafishia chemchemi, na hakuna mtaa utakaoupita.

Alitufundisha sisi wasichana wa kwaya kama mnavyoimba nyumbani. Kila mmoja atunge ubeti wake, ajitaje jina na beseni lake. Alituonya pia kwamba ubeti wa mtu aliye hai hauimbwi na mwingine. Akiwa safarini, mabeseni yanapigwa peke yake mpaka nafasi yake ipite, ili ajue anangojwa. Akifa ndipo wenzake wanauchukua, jina lisizame. Na kwa kuwa wimbo ni wa chemchemi yetu, akaamuru baada ya ubeti wa mwisho tukupigie mabeseni, wewe uliyebaki.

Mimi sikutunga ubeti. Nilisema nitapiga beseni tu, na hakuna aliyeshangaa. Reine, yule wa sauti kubwa, alinitania kwamba hata beseni langu linanong'ona.

Tulirekodi Jumamosi, kwenye chumba chenye magodoro ukutani. Jumapili Okwera alileta wimbo kanisani, wamama wakausikiliza baada ya misa. Walicheka, walipiga vigelegele, mpaka ikafika nafasi yako. Pale palipotakiwa mabeseni matupu, sauti ya msichana ikaimba ubeti wako:

*Mimi Séraphine wa beseni la bluu,
nimefagia maji, mgeni na anywe.*

Mama mdogo alikaa chini palepale kwenye saruji. Alisema dada yake amekwenda na hakuna aliyethubutu kumwambia. Sauti kubwa vile walidhani ni ya Reine tu, na baba yake huwa anapata habari za kwetu kabla ya wengine, kwa hiyo wamama wakaamini amemtuma atupe msiba kwa wimbo. Reine aliapa hajaimba ubeti ule. Wakamwambia anyamaze, anaogopa tu kuwa mleta habari. Tulikupigia simu, haikushika. Tukampigia jirani, haikushika. Jioni mikeka ilikuwa imetandikwa, na watu wanaingia na sukari na makaa. Mama, ulisifiwa mno. Hata yule mama muuza mkaa, uliyegombana naye kule nyumbani, alisema hakuna mwanamke aliyekuwa na moyo kama wako.

Siku ya tatu akafika Mumbere na gari lake la vitunguu kutoka Butembo. Alikuta watu wanalia, akauliza nani amefariki. Walipomwambia, alishika kichwa, akasema marehemu huyo alimfukuza Jumatatu asubuhi akimwita mwizi wa mizani, na mnara wa simu kule ndio uliokufa, si wewe. Mama mdogo alicheka mpaka akalia upya. Yule mama wa mkaa aliinuka akachukua makaa yake.

Lakini kicheko kilipokwisha, wote wakamgeukia Reine. Walisema amecheza na kifo cha mama wa watu. Mkuu wa kwaya akamvua sare mbele ya wenzake, na baba yake akaacha kuja kanisani kwa aibu. Reine alinitazama mimi.

Mama, ni mimi niliyeimba.

Siku ile ya kurekodi, wenzangu walipoondoka, Okwera aliniomba nibaki niongeze beseni moja. Alinivika vile vya masikioni, akazima taa nyekundu, akanipa mgongo nisione haya. Ikafika nafasi yako. Mabeseni yanapiga, yanapiga, na wewe hauko. Miaka miwili sijakuona, Mama. Sikuvumilia pale patupu. Mdomo ulifunguka wenyewe. Okwera aliipenda sauti akaiacha, hakujua mwiko wake. Mimi nilijua, na nilinyamaza hata ulipokuwa unaliliwa, kwa sababu kila mtu alisema Blandine hawezi kuimba mbele ya watu, na uongo huo ulinifaa.

Jumapili iliyopita nilisimama baada ya matangazo. Nilisema yote kwa sauti waliyoisikia mpaka mlangoni. Mama mdogo alinivuta sikio, kisha akanikumbatia bila kuliachia. Reine amerudishiwa sare. Bado hanisemeshi sana, ana haki.

Kisha nikaenda kwa Okwera mwenyewe, peke yangu. Nilimwambia afute ubeti wako, abakishe mabeseni. Aliniita nyabo, yaani bibie, akasema watu watadhani wimbo umekatika. Nilimwambia hapana, futa. Akaniuliza tena. Nikamwambia futa! kwa ile sauti yake ya kambini, akacheka akafuta. Halafu nikamwomba anirekodi na wa kwangu, taa ikiwaka, yeye akinitazama:

*Mimi Blandine wa beseni la kunong'ona,
nimeokota kavera, mafunjo rudini.*

Nisamehe kwa kukuzika, Mama, na kwa kumwacha Reine abebe mzigo wangu.

Msalimie Guerschom na wamama wote wa chemchemi. Mama mdogo anasema punguza ukali, matanga yako ya kweli hatayalipia sukari. Mumbere anakuletea barua hii pamoja na wimbo kwenye simu yake. Usimwite mwizi kabla hujausikiliza. Baada ya ubeti wangu utasikia mabeseni peke yake, muda mrefu kidogo. Haujakatika. Ukifika hapo, imba.

Mimi binti yako,
Blandine