Unitoshe, Yaya

Jumapili, Westville, huku kusini mwa Afrika. Manyunyu tangu asubuhi, na roho yangu nzito. Bwana yangu ameenda kurudisha spika alizokodi, amefunga geti kwa nje kama kawaida yake.

Jana nimeimba "Unitoshe" tena, harusini. Gitaa likanguruma, ngoma zikapigwa mpaka sakafu ikatetemeka, na kwenye kiitikio nikapaza sauti hadi koo likauma. Bibi harusi akalia kwa furaha. Watu wote simu juu.

Eish. Mimi nilikuwa naomba msaada.

Wimbo huu sasa uko kila mahali: kwenye taxi, saluni, redioni. Eti wimbo wa mapenzi! Watanzania ndio walioanza kuuita hivyo, maana kwao ukimwambia mtu akutoshe, unasema yeye peke yake anakufaa, huhitaji mwingine. Lakini mimi nimekulia Bukavu. Kwetu mama akisema "tosha sufuria kwa moto," unaiondoa, haraka, kabla chakula hakijaungua.

Unitoshe. Niondoe hapa. Niliandika hivyo nikiwa juu ya kitanda hiki, siku ya kwanza aliponifungia ndani.

Yeye Kiswahili hakijui. Alimuuliza rafiki yake wa Dar maana ya kiitikio, akarudi meno yote nje, akachapisha fulana. Jana alikuwa nyuma yangu na gitaa, neno langu kifuani pake. Nilimwangalia nikataka kucheka, halafu nikaendelea kuimba.

Paspoti yangu anayo yeye. Simu yangu anaikagua kila jioni, ila blogu hii hajui kama ipo. Ninaogopa. Acha niseme hivyo hivyo, bila mapambo. Naogopa mkono wake ukinishika juu ya kiwiko, pale ambapo nguo za jukwaani zinafunika.

Na bado, kinachoniua zaidi ni Yaya.

Yaya Furaha ni dada yangu mkubwa, ana saluni Albert Park. Yeye ndiye aliyenilea, hilo neno "tosha" nimelipata kinywani mwake. Wimbo niliutunga kwa ajili yake. Kumwambia wazi nilishindwa, kwa sababu Yaya hajui kuficha kitu: angelipuka papo hapo, na bwana yangu angesoma uso wake bila kuhitaji mkalimani. Nikasema, nitaimba, atasikia, atakuja kimya kimya.

Hakusikia! Ameolewa na mtu wa Tanga miaka mingi, na sikio lake nalo limeolewa huko huko. Jana alikuwa mbele kabisa, anapiga vigelegele, kiuno hakitulii. Baadaye akanikumbatia, akaninong'oneza, "Mdogo wangu, Mungu amekupa mume. Ona unavyomwimbia!"

Nikasema asante.

Nani anajibu asante hapo? Mimi. Nimelala na hiyo asante, nimeamka nayo. Nchi nzima inaimba kilio changu, na hakuna hata mmoja anayenisikia. Nikaona nikingoja wanielewe, nitafia humu na watauimba kwenye mazishi yangu, wakisema tulipendana sana.

Basi nimechukua simu nikamtumia Yaya sauti. Bila gitaa, bila kiitikio, Kiswahili cha kwetu cha jikoni: "Yaya, ule wimbo si wa bwana yangu. Nilikuwa nakuita wewe. Uje unitoshe huku. Sufuria kwa moto, Yaya. Naungua."

Amesikiliza. Hajajibu, hajapiga. Yaya wangu, ambaye hata umeme ukikatika anapiga simu.

Sijui kimya hicho kina maana gani. Labda haamini. Labda kwa mara ya kwanza maishani mwake anajua kuficha.

Sasa iko gari inapunguza mwendo nje ya geti. Mvua imefunika kioo, sioni kama ni ya Yaya au ya bwana yangu. Paspoti ibaki kwake, mimi naondoka.

Nimeshavaa viatu.