Busuti ya Kuazima

Jumatatu, 12 Januari 1953
Nimeita majina. Kokushubira yupo, mbele kabisa kama kawaida. Darasa la tatu zima halina anayemfikia kwa hesabu. Ada hawezi. Mwaka huu kuna msamaha kwa watoto wa maskini, na kamati inawahoji wazazi keshokutwa. Jioni nimekwenda kwa mama yake, mjane, kibanja chenye migomba inayoanguka yenyewe. Nimemwambia mara tatu: njoo kama ulivyo.

Jumatano, 14 Januari
Nina hasira mpaka kalamu inakwaruza. Mama kaja kama bibi harusi! Busuti ya jirani, lile gauni refu la sherehe, viatu vya mke wa katekista vinampwaya. Kawapigia magoti wanakamati, kawapa kahawa ya kutafuna iliyofungwa vizuri kwenye jani la mgomba. Kuulizwa kama ana shida, eti Mungu anasaidia. Katibu kutoka Bukoba akaandika: ana uwezo. Nilimfuata mama njiani nikafoka. Akanijibu polepole, "Mwalimu, mbele ya wakubwa mtu haendi na matambara."

Alhamisi, 15 Januari
Nimembembeleza katibu akaione nyumba kwa macho yake. Kakubali, Jumamosi. Mama simwambii. Nimejifunza.

Jumamosi, 17 Januari
Katibu mwenyewe ndiye aliyempelekea habari. Eti ni adabu.

Basi. Nyasi mpya sakafuni. Viti vitatu, vyote vya watu. Kuku juu ya ndizi. Kuku wake wa pekee, yule mtagaji! Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Huyu mgeni alikula mpaka akalegeza mkanda. Nami nilikula paja, mjinga mimi. Ningetaja viti ni vya nani ningemvua nguo mama wa watu nyumbani kwake.

Njiani nikamweleza katibu yote. Akacheka. Akasema asiye na kitu hachinji kuku. Jina la mtoto lifutwe Jumatatu.

Maskini jeuri, yule mama. Nimechoka naye. Nimechoka na katibu na makaratasi yake. Mtu wa Bukoba, kazaliwa Nshambya, hajui mgeni anavyopokelewa kwao?

Jumapili, 18 Januari
Baada ya ibada mama Kokushubira kaja kwangu. Miguu mitupu. Kanga moja, imepasuka mgongoni, imefungwa begani kwa kamba ya mgomba. Sijapata kumwona hivyo. Kaleta kibao cha kuandikia cha mtoto, kwa kuwa ni mali ya shule. Kimeoshwa kikatakata.

Sikujua nitazame wapi. Akaliona hilo.

"Kwako sikuazima, Mwalimu. Kwako ni nyumbani."

Tulikunywa chai. Alipoondoka nilimrudishia kibao, nikamwambia mtoto asichelewe.

Rejista iko hapa mezani. Wino upo. Jina sijalifuta.