Sindano Mbili kwa Siku Moja

Kaka Masanja,

Waliokuona Mishamo wanasema unasukuma baiskeli ya mihogo, umekonda, na mdomo wako haupumziki. Unatafuna kitu ambacho hakuna anayekiona, ulimi unatoka na kurudi. Aliyenisimulia alikuwa anacheka. Nilimwambia aondoke nyumbani kwangu.

Nakuandikia barua hii ya wazi, ipite mikononi mwa watu, kwa sababu huna simu na sijui unakaa kwa nani. Labda atapatikana wa kukusomea. Nina hasira, kaka, na sehemu yake ni juu yako, kwa kuondoka bila kumuaga hata mama.

Pale Mpanda watu walivipita vibanda vya vinyozi wengine ili waje kwako. Ulikuwa unamnyoa mtoto mchanga amelala na haamki. Hata ulipougua, ukawa unajibu sauti ambazo sisi hatukuzisikia, ukaifuata reli kwa miguu mpaka baba akakukuta umekaa kwenye mataruma, vidonge vilikurudisha. Kimoja kila jioni, baada ya ugali. Baada ya miezi michache ulishika mashine tena, na ukaanza kunitania kuhusu wachumba wangu.

Kisha tukakuleta nyumbani Kabungu, na pale zahanati wakasema vidonge vya kila siku ni usumbufu, bora sindano ya mwezi. Hakuna aliyetueleza kwamba dawa ile ikishaingia inakaa mwilini wiki nyingi, huwezi kuitoa. Hakuna aliyetuambia tuangalie dalili gani. Mwezi mmoja dawa haikuwepo. Uliofuata, mvua ilikata barabara. Tulipofika mwezi wa tatu, mhudumu wa zahanati akakuchoma sindano mbili siku hiyohiyo. Alisema anafidia zilizopita. Nikamshukuru. Mpaka leo nikikumbuka shukrani ile natamani kujizaba kofi.

Kesho yake ulizunguka uani kutwa nzima, hukuweza kukaa hata kumaliza kula. Ukaniambia, "Mdogo wangu, miguu inaungua kwa ndani. Ni ile sindano."

Nikakujibu kwamba unatafuta kisingizio cha kuacha dawa. Nilijiona ndiye mwenye akili kati yetu wawili. Siku ya tatu shingo yako ikapinda upande mmoja na kukakamaa, macho yakaganda juu, ulimi ukakujaa mdomoni. Wajomba wakasema pepo, wakaleta kamba. Mimi niliwashikia miguu yako wakati wanakufunga.

Mama ndiye aliyekata zile kamba na kukupeleka mjini. Nesi wa kule aliuliza swali moja tu: amechomwa nini, na lini. Akakuchoma dawa nyingine, na kabla mama hajamaliza kueleza, shingo ilianza kurudi.

"Huyu hana pepo," akasema. "Dozi imemzidi."

Akatuonya kwamba mchezo wa kuruka miezi halafu kurundika unaweza kumwachia mtu matatizo ya viungo yasiyoondoka. Niliyapeleka maneno hayo zahanati. Mhudumu akasema manesi wa mjini wanajifanya madaktari. Basi mwaka mzima ukaenda vilevile, dawa ipo, dawa haipo, ikija wanarundika, na sisi tunanyamaza kwa kuogopa kuitwa wabishi. Ndipo midomo yako ikaanza kuchezacheza yenyewe. Ulirudi kwenye kibanda chako, na mteja wa kwanza alimvuta mwanawe kutoka kwenye kiti akidhani unamdhihaki. Ukaweka mashine kwenye mfuko, ukaondoka. Dawa ukaiacha yote siku hiyohiyo.

Wiki iliyopita nilikuwa zahanati kwa mambo yangu. Mama mmoja wa kifugaji alikuwa amekaa na binti yake, na mhudumu yuleyule alishamchoma sindano moja kama zako, anavuta ya pili kwenye bomba. Nikasimama mbele ya binti. Mhudumu akaniamuru nitoke. Nikamwambia yule mama, "Muulize kwa nini anamchoma mbili."

Akamuuliza. Yule bwana alitazama kadi, akatazama bomba, akaliweka mezani. Sikutoka pale mpaka bodaboda ilipowachukua kwenda mjini, nami nikawafuata na kadi ya binti mkononi.

Huko nikamsubiri daktari, nikamweleza habari zako. Amesema kuacha ghafla ni hatari, zile sauti zinaweza kurudi. Amesema dawa inaweza kubadilishwa na kupunguzwa polepole, chini ya macho yake. Kuhusu mdomo, unaweza kutulia, unaweza usitulie. Hakunidanganya, nami sikudanganyi wewe.

Njoo, kaka. Safari hii ukisema mwili wako unakwambia kitu, wewe ndiye utakayesikilizwa kwanza, na anayetaka kubisha abishane na mimi.

Ni mimi mdogo wako, uliyemwambia ukweli akakushikia miguu ufungwe,

Nyanzala