Kuku wa Mama Kabula

Nyarugusu, Geita

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeinuka na mguu unakanyaga chini. Mimi mwili mzima, ila nimechoka. Kwenye simu uliniuliza nina nini nikakujibu sina kitu, ukaguna. Neno lenyewe ni refu na mtandao wa huku unakatakata, kwa hiyo nimempa barua dereva wa lori anayepita Korogwe.

Tuisheni yangu imejaa mpaka mlangoni. Mchimbaji akipata dhahabu kidogo ananunua kwanza pikipiki, halafu ananiletea mtoto. Kila mtoto huja na ndoo yake, anaigeuza na kuikalia. Wote wa darasa la saba, kila siku mitihani ya majaribio, na sauti yangu imekauka. Wazazi wapya wakija sina moyo wa kuwakatalia. Nasema "tutaona", kama tunavyosema kwetu, nikitumaini mtu ataelewa aende zake.

Basi akaja Mama Kabula, mama wa Kisukuma anayeponda mawe ya dhahabu kwa nyundo. Akapiga goti, akaniamkia kwa kwao: "Mwangaluka, mwalimu. Kabula wangu yuko la saba, nisaidie." Nikampa binti kitabu asome. Alikishika vizuri kabisa, akanyamaza. Hajui kusoma, mama. Huyo anahitaji mtu wa kukaa naye peke yake, ba be bi, nami nina umati. Nikasema tutaona. Kesho yake mama mtu akaniletea kuku. Nikampokea, maana kumrudishia mtu zawadi yake ni kumtukana. Nikamla na wali, na alikuwa mtamu.

Hakuna aliyeniambia kwamba huku mwalimu akipokea kuku, amempokea na mtoto. Jumatatu Kabula akaja na ndoo. Ndani hapakuwa na nafasi, akakaa nje chini ya dirisha. Nikajisemea atachoka mwenyewe. Hakuchoka. Kila nilichoandika ubaoni alikinakili kwa mwandiko safi, bila kujua hata neno moja.

Muhula ukaisha hivyo. Siku moja akanijia Mwalimu Stella, mstaafu anayefundisha watoto wadogo kusoma barazani pa kanisa. Kumbe alikwisha kumwomba Mama Kabula amlete binti kwake, akajibiwa, "Kabula ana mwalimu wake. Nitamvunjiaje heshima?" Mwalimu Stella hakuremba maneno: "Kama huwezi kumchukua, sema huwezi, kisha mwonyeshe pa kwenda. Wewe umemzibia mtoto njia."

Nilikwenda kwenye mawe yao na vumbi lao, nikamwambia Mama Kabula kwamba binti yake siwezi kumfundisha, na kwamba nilipaswa kusema mapema. Akaweka nyundo chini.

"Ungeniambia siku ile, mwalimu, ningelia siku ile nikamaliza."

Nikaibeba ndoo ya Kabula, tukaongozana kwenda kanisani. Njiani binti akaniuliza, "Mwalimu, ulijua tangu siku ya kwanza?" Nikasema ndiyo. Akaichukua ndoo yake mkononi mwangu, akatangulia.

Sasa anakaa na watoto wa chekechea, magoti yamemfika kidevuni. Mwalimu Stella anasema mtihani wa mwaka huu umekwisha kumpita, ila kusoma atasoma. Mimi siku hizi mzazi akija namjibu palepale mlangoni, kabla hajakaa: nafasi sina, mtoto wako anahitaji hiki, nenda kwa fulani. Kuku sipokei. Wengine wananuna, wanasema mwalimu wa Tanga ana maringo. Waache waseme, mama, nimechoka kupendwa na watu ninaowapotezea muda.

Nisalimie baba mdogo na duka lake, na shangazi anayekukanda mguu, mwambie asikuonee huruma, akande kwelikweli. Kitinda mimba wetu mwambie ajibu ujumbe wangu, asijifanye ana shughuli.

Ukitaka kujua imeishia wapi: Mama Kabula tukikutana sokoni ananisalimu vizuri tu, kwa goti lilelile. Kabula ananipita kama hanijui, nami sithubutu kumwita.

Mwanao akupendaye,
Zawadi