Mume wangu huandika siku ninazolia

Mpendwa Bi Verna,

Nisaidie kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo dada yangu Renae anakuja na gari la mizigo kunihamisha, na miaka kumi na tisa ya ndoa itaishia hapo. Mume wangu Lyle ni saikopathi, mtu asiyejali kabisa maumivu ya mwenzake. Tulipomzika mama mwezi jana hakutoa chozi, na kwenye chakula cha msiba, ukumbi wa chini kanisani, aliniuliza, "Nikupeleke nyumbani?" nikasema, "Aa, usijisumbue," kama mtu yeyote wa huku Minnesota aliyelelewa vizuri, nikingoja aulize mara ya pili na ya tatu ndipo nikubali, naye akasema, "Haya," akaenda zake kuondoa theluji mlangoni! Renae ndiye aliyenikumbatia, akalia kunishinda, akaniambia, "Pole mdogo wangu, huyo hana moyo, hata usoni hakuangalii," akanitafutia kwenye simu maswali arobaini ya kupima saikopathi, nikamjibia Lyle yote, akapata thelathini na moja. Kisha nikaona kalenda ya jikoni, ameandika: "Jumatano, saa tisa, amelia. Jumapili baada ya ibada, amelia tena." Nilipomuuliza akasema, "Ili nijue siku za kuwahi kurudi nyumbani." Renae anasema hivyo ndivyo wanavyowinda. Yeye kwa huruma yake amechukua funguo za nyumba ya mama ya ziwani nisihangaike nazo, na ameniambia nisiulizeulize, nipone kwanza. Je, nimuage Lyle, au nimwachie barua tu?

Marlys

Marlys,

Pole sana kwa kufiwa na mama. Sasa kaa chini nikuseme.

Mtihani uliomjibia mumeo ukiwa umemkasirikia umepima hasira zako tu. Mimi si daktari, Renae si daktari, na simu yake ndiyo kabisa. Lakini unayosimulia yananifanya nifikirie usonji, si usaikopathi, na watu huyachanganya hayo mawili kwa sababu wenye hili na wenye lile wote wanaweza kukaa macho makavu msibani. Mwenye usonji mara nyingi hasomi uso wako, ila ukimwambia kinachokuuma, naye kinamuuma. Saikopathi anakusoma kama gazeti. Ila maumivu yako hayamnyimi usingizi. Wapo wenye tabia za pande zote mbili, na hao wachambuliwe na wataalamu, si wewe na kikombe chako cha kahawa.

Mwanaume wa watu aliuliza, ukamjibu hapana, akakuamini. Hilo ndilo kosa lake! Nusu ya jimbo hili tunashinda na njaa mezani tukingoja kukaribishwa mara ya tatu. Na hiyo kalenda, mama wee! Haoni machozi yakija, basi ameyatafutia ratiba. Hukuniambia kama siku hizo aliwahi kurudi. Nadhani aliwahi.

Leo hii mwambie kwa maneno mafupi: "Nina uchungu, kaa na mimi." Akitaka kumwona mtaalamu, nenda naye, asipotaka, usimburute. Kisha mpigie Renae, mwambie gari asilete na funguo azirudishe kesho. Usimpime kwa maswali yoyote, upimaji wako tumeshauona. Msikilize tu atakavyoongea akishajua huhami. Kama huruma itamwisha hapo hapo kwenye simu, mpe Lyle kitasa kipya na umtume ziwani akakifunge kwenye mlango wa nyumba ya mama.